Uzito wa Pakiti ya Chumvi

Kwanza ilikuwa sauti. Nilikuwa bado barabarani pale Bariadi mjini, nimebeba kapu la ugali na dagaa, nikasikia kilio chembamba kikitoka nyuma ya mabati ya karakana ya mjomba. Hakikuwa cha mnyama wala cha mtu. Kilikuwa kilio cha kitu kinachochunwa taratibu na hakina pa kukimbilia. Kikanyamaza, kikaanza tena, juu kidogo kuliko mwanzo. Nimekua nikisikia nyundo, msumeno na mashine ya kuchomea, hii sikuijua. Nikasukuma mlango.

Mjomba alikuwa ameinamia mashine yake ya kukereza chuma. Kwenye mashine palizunguka gurudumu lenye ukubwa wa bakuli la mboga, kwa kasi mpaka likaonekana limesimama, na ukingoni mwake nyuzi za chuma zilikuwa zinajikunja na kudondoka, za buluu, zikitoa moshi. Kaka yangu alisimama kando, mikono kifuani, mfano wa mtu anayesubiri majibu ya maabara.

"Mwadila, mayu," mjomba akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mama, bila kugeuka.

"Mwadila, mjomba. Mnamuua nani?"

"Tunampunguza mtu kitambi," kaka akadakia.

Mtu mwenyewe ni flaiwili ya pikipiki ya kaka. Hukaa upande wa kushoto wa injini, imefichwa chini ya kifuniko, na kwa kuwa ndani yake pana sumaku zinazotengeneza umeme, mafundi wengi huiita sumaku tu. Nilikuwa nimepanda pikipiki ile mara nyingi kutoka kwetu Nkololo hadi mjini, wala sikujua kwamba miguuni mwangu kulikuwa na kitu kizito hivyo kinazunguka gizani.

Kaka alikuwa anaoa. Jumamosi ile ng'ombe wa mahari wangeswagwa kutoka nyumbani hadi ukweni, upande wa Lagangabilili, mwendo wa siku nzima. Baba alikuwa amekubali, kwa shida, kwamba kaka aende pamoja na waswagaji akiwa juu ya pikipiki yake. Shida yake aliisema wazi: ng'ombe wafike wametulia. Ng'ombe akifika ukweni anahema, mbavu zinapanda na kushuka, wakwe watauliza ni watu gani hawa wanaoharakisha jambo. Kaka aliitikia ndiyo, ndiyo, halafu akaenda mjini kutafuta namna ya kuharakisha. Kuna mwenzake alikuwa na pikipiki inayoitika kabla hujamaliza kupiga resi, na yeye alitaka kuingia uwanja wa ukweni na mlio wa namna hiyo.

"Kwani huo uzito uliwekwa wa nini?" nikamuuliza mjomba alipozima mashine.

Alifuta mikono kwenye suruali. Mjomba ni mtu wa kujibu swali kwa swali.

"Umewahi kumwona ng'ombe wa plau akikuta mzizi?"

"Nimemwona."

"Anapitaje?"

"Anavuta."

"Hapana. Anapita kwa mwendo aliokuja nao. Asimame kwanza halafu ndipo avute, hapiti. Sasa injini inapiga teke moja, inapumzika, inapiga tena. Wakati wa kupumzika nani anaizungusha? Huyu." Akaligonga gurudumu kwa kucha. "Anatunza mwendo."

"Na ukimpunguza?"

"Inapanda haraka."

"Na ubaya wake?"

Akamtazama kaka, akanitazama mimi, akacheka na meno yake machache. "Mayu, mimi sijawahi kumpunguza mtu. Nimesimuliwa tu."

"Ukikosea je?"

"Chuma si nywele. Hakioti."

Kaka akarudi nyuma hatua moja. Lakini nilimwona mjomba macho yanamng'aa, nikajua kwamba katika chumba kile watu waliotaka kusikia matokeo hawakuwa mmoja.

Kulikuwa na kazi mbili kabla ya kulirudisha. Ya kwanza ilikuwa usawa. Alisimamisha rula mbili za chuma kwa ubavu, sambamba, akazipima kwa chupa ya soda aliyoijaza maji na kuacha kiputo kimoja cha hewa. Akapitisha kipande cha chuma katikati ya gurudumu, akaliweka juu ya rula, akaliachia. Likabingirika kidogo, likarudi, likasimama. Upande uliokwenda chini akautia chaki. Akaligeuza, akaliachia, chaki ikashuka tena yenyewe, polepole, kama mtu anayejua njia ya kwao. Hapo ndipo palipozidi. Akatoboa tundu dogo, akajaribu. Akalichimba zaidi, akajaribu. Nilichuchumaa pale hadi miguu ikafa ganzi, mpaka gurudumu likawa linasimama popote unapoliacha. Sikujua kwamba usawa ni kitu unachoweza kukitazama kwa macho.

Kazi ya pili ilihitaji chakula chetu. Sumaku zilikuwa zimenasa vumbi la chuma, na kitambaa kilikuwa kinalisambaza tu. Mjomba akamega ugali, akaufinyanga, akaanza kugandamiza ndani ya gurudumu. Kila ukitoka umebeba weusi. Donge la tatu lilimponyoka, kuku wa jirani akalidaka na kukimbia nalo.

"Mwache," mjomba akasema. "Atataga spana."

Zile nyuzi tulizikusanya kwenye mfuko, kaka akazipeleka duka la jirani zipimwe. Mwenye duka aliweka mfuko huku, pakiti ya chumvi ya nusu kilo kule. Mzani ukalala sawa.

"Yaani mmekaa tangu asubuhi kutoa chumvi?" akauliza.

Walirudisha gurudumu, kabari yake ndogo ikakaa kwenye mfereji wake, nati ikakazwa, kifuniko kikafungwa. Kaka akapiga kiki. Mlio ule bado ninao masikioni: ulipanda papo hapo, ukakatika papo hapo, mfano wa mtu mwenye majibu ya mkato. Kaka akazunguka soko mara mbili, akarudi meno nje.

"Mjomba, hii sasa si pikipiki. Huyu ni swala!"

 Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza. "Iache bila resi," akasema. Ikatetemeka, ikakohoa, ikazima. Akaongeza mafuta kidogo kwenye kabureta, ikakaa. Wote tukaridhika, na hilo ndilo kosa letu. Tuliijaribu juu ya lami, na mtu mmoja juu yake, mbio. Hakuna aliyekumbuka kwamba kazi iliyokuwa inaingoja ni kutembea nyuma ya ng'ombe.

Alhamisi jioni baba akamtuma kaka akawarudishe ng'ombe kutoka josho, ili wamzoee. Nilikuwa nimekaa nje na daftari langu. Nikasikia injini: ikavuma kidogo, ikazima. Kiki. Ikavuma, ikazima. Ng'ombe hatembei mwendo mmoja. Anasimama, ananusa, anawaza, anakwenda. Kila waliposimama kaka alipunguza, na kila alipopunguza injini ilikufa chini yake. Kwa kuogopa isizime, akawa anapiga resi. Na resi ya injini ile haikuwa na katikati. Ilifyatuka. Dume la mbele likainua mkia, wengine wakafuata, wote wakapita katikati ya michembe ya jirani iliyoanikwa kwenye jiwe. Viazi vya watu vya wiki nzima. Mama akatoka mbio na kanga mkononi, huku anaomba radhi kabla hata hajafika.

Baba aliwangoja ng'ombe wote waingie zizini. Mbavu zao zilikuwa zinapanda na kushuka. Akazitazama muda mrefu.

"Jumamosi," akasema, "ama hiyo pikipiki iende mwendo wa ng'ombe, ama ng'ombe hawaendi. Nitatuma ujumbe kwamba hatuko tayari."

"Baba, kwa tarehe hiyo wameshaita watu."

"Na mimi nimeshaona."

Ijumaa asubuhi nilipanda nyuma ya kaka kwenda mjini.  Kila penye mchanga tulizima. Mjomba alitusikia kabla hajatuona, maana tulimkuta amesimama mlangoni.

"Naomba unirudishie uzito wangu," kaka akasema.

"Uzito wako ameula kuku."

"Mjomba, siyo utani. Baba anavunja."

Mjomba akavua kofia, akakuna kichwa. Akatoka nje, akarudi anakokota pikipiki yake mwenyewe, aina ileile, kuukuu, imefungwa kamba penye taa. Akaiegemeza, akachukua spana, akaanza kufungua kifuniko cha kushoto.

"Sasa wewe utatumia nini?" nikauliza.

"Mimi nabeba nini? Spana na tumbo langu." Akafungua nati, akalivuta gurudumu lake zito, likatoka na mlio mdogo, akampa kaka kwa mikono miwili. "Nililijua hilo tangu unaliomba. Ningeweza kukukatalia. Lakini nimekaa na hizi injini ujana wangu wote nikijiuliza litalia vipi. Nikasema, leo amekuja mjinga wa kunijibia."

Kaka alitaka kukasirika, akacheka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wiki ile.

Mjomba akamwambia alifunge mwenyewe. Nilishika tochi kumulika kabari. Mchana mjomba alipita barabara ya soko juu ya lile jepesi, kofia imegeuzwa nyuma, mlio unapanda na kukatika, na wanafunzi wakampigia makofi.

Wifi yangu alinisimulia baadaye kwamba baba yake aliwazunguka ng'ombe mara moja, akawatazama mbavu, akasema, "Hawa wametembea," na wakaingizwa. Lakini hayo sikuyaona. Nilichoona ni alfajiri ya Jumamosi, baba na kikombe cha uji mkononi, akimwamuru kaka aende nyuma ya ng'ombe kulizunguka zizi. Mara tatu. Mzunguko wa pili jike moja lilisimama njiani likanusa kinyesi kwa utulivu mkubwa. Kaka akasimama nyuma yake. Sote tulisikiliza. Injini ikavuma chini, nzito, bila papara, mpaka jike likamaliza shughuli yake na kuondoka.

Baba akanywa uji. "Mhola," akasema, yaani shwari.

Kaka akaingia ndani kuchukua fimbo.

"Ukifika salimia vizuri, usikimbilie kuonyesha pikipiki," mama akamwambia.

"Mama, jamani. Nimeanza leo kusalimia?"

Akainama mama amguse kichwa, akanikonyeza mimi na daftari langu, akawafukuza kuku waliotaka kuingia, akatoka, na mlango akaufunga taratibu nyuma yake.