Tangawizi Pori ya Babu

Namshukuru Mola anayetusitiri, na akipenda hutufunua kwa upole.

Mtafiti mmoja alikuja kwangu Bagamoyo kutafuta majani ya jamii ya tangawizi. Husoma vinasaba vya kloroplasti, chembe za kijani za jani, ajue mimea ipi ni ndugu. Nikampa jani la tangawizi pori iliyonipa sifa mtaani kwa dawa ya kikohozi. Babu aliing'oa msituni Ubena, akaipanda uani hapa.

Juzi akarudi, nikiwa barazani na wazee wenzangu.

"Shikamoo, mzee. Jani lile ni la tangawizi ya sokoni."

"Marahaba. Mashine yako imekosea, mwanangu."

Mke wangu akasema kutoka ndani, "Haijakosea, Baba Mwanaidi. Ya babu yako ilikufa kiangazi. Nikapanda ya sokoni mahali pake ili usihuzunike."

Msomaji, Mola akujaalie ukweli ukufikie kwa kinywa cha akupendaye.