Kurasa Nne za Kujitetea

Niliondoka Kitale kwa sababu ya jina langu. Mimi ni hakimu, na juma moja kabla nilikuwa nimetoa hukumu ya shamba lililogombaniwa na ndugu wawili kule upande wa Kachibora. Aliyeshindwa ana rafiki mwanasiasa. Kwenye matanga fulani rafiki huyo alishika kipaza sauti akasema nimenunuliwa, akanipa siku saba nihame. Maneno yake yakatangazwa redioni. Mama yangu aliyasikia, akaacha kwenda kanisani kwa aibu.

Redio hiyo hiyo ikanialika niende nikajibu. Nikaandika kurasa nne. Kabla sijakwenda, nikakumbuka kuwa nina chama, chama cha majaji na mahakimu. Nimekuwa mwanachama miaka mingi na, nikisema kweli, nilikijua kwa rambirambi na chakula cha mwisho wa mwaka. Katibu wa tawi letu anakaa Bungoma. Nikampigia, akasema njoo.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshapita Kiminini, nikiendesha mwenyewe. Pale Kamukuywa nikakata kulia kuelekea Kimilili. Njia nzima nilikuwa nikiyakariri majibu yangu kwa sauti, na kila mara nilijiona nimeshinda.

Chwele ilikuwa siku ya soko. Nilisimama ninunue mkungu wa ndizi, maana nyumba ya watu haiendewi mikono mitupu. Mama muuzaji akaniuliza nafanya kazi wapi. Nikasema ofisini. Niliingia garini nimejikasirikia kwa kuificha kazi yangu.

Saa tano nilikuwa Bungoma. Katibu, Mheshimiwa Nasimiyu, alikuwa hakimu tangu mimi nikiwa shuleni. Alinikaribisha kwa chai na njugu, akavaa miwani, akasoma kurasa zote nne. Kisha akacheka.

"Aki wewe," akasema, "umeandika hukumu ya pili. Hata paragrafu umezipatia namba."

Nikatazama. Kweli, zilikuwa thelathini na moja, na mwishoni nilikuwa nimeandika "kwa hivyo naamuru." Akaniambia hukumu ikishasomwa, hakimu ameshamaliza, na yule ndugu aliyeshindwa alikuwa tayari amekata rufaa.

"Ukienda kueleza hiyo hukumu kwa redio, wewe si hakimu tena. Wewe ni wakili wa yule alishinda."

Basi nikamwomba chama kiseme kwamba nilihukumu sawa. Akakataa hilo pia. Alisema huenda nimekosea, na wa kusema hivyo ni mahakama ya rufaa. Chama kingesema tu kwamba ni makosa kumtisha hakimu, na mwenye ushahidi wa hongo aupeleke kwa tume inayosimamia mahakimu. Tena kingeomba polisi walinde nyumba yangu. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini sikuhongwa.

"Mimi nakuamini, dada. Lakini chama si mimi. Leo ni wewe, kesho ni mwingine, na pengine huyo amekula kweli. Tutasema maneno hayo hayo."

Niliumia. Nilikuja kutafuta mtu wa kunisafisha, naye ananiweka kapu moja na wala rushwa. Nilikula ugali na kuku wake nimenuna, na kuku alikuwa mtamu, jambo lililonizidishia hasira. Baada ya chakula alinisukumia simu. Nikaipigia redio mbele yake, nikawaambia siji.

Alasiri nikarudi kwa njia ya Webuye. Karibu na Kiminini niliingia kuweka mafuta, na redio ya pale ikawa inasoma taarifa ya chama. Ilikuwa sentensi chache, wala jina langu halikutajwa. Kijana wa mafuta, ambaye hakunijua, akatikisa kichwa.

"Hawa majaji ni kulindana tu, madam. Si huyo hakimu angekuja aseme mwenyewe, kama ako safi?"

Jibu lilinijia mdomoni lote, na namba zake. Chama kilikuwa kimesema kusudi mimi ninyamaze, ili hata huyu kijana, siku akija mbele yangu na kesi yake, asikute hakimu aliyewahi kubishana naye. Hilo nililielewa vizuri, na bado lilinichoma.

"Haya, kaka, asante," nikamwambia, nikawasha gari.