Farasi Aliyenivua Kofia

Siku moja naikumbuka kila nikikusikia, mwanangu, ukijitapa mbele ya watu. Nilikuwa kijana, na kanzu yangu na kofia ya kiua, nakwenda Thamesmead, hapa London, kumposa Zuhura. Posa hupelekwa na wazee, najua, lakini wangu wote walikuwa Unguja, basi nikajituma mwenyewe.

Bibi yake, Bi Mwanaidi, aliniuliza neno moja tu: "Wewe wa nani?"

Nikabwaga ukoo! Babu, babu wa babu, mpaka nikatua Omani. Nikaona haitoshi, nikaongeza kwamba tulikuwa wafugaji wa farasi wa Kiarabu. Mwanangu, mimi hata punda wa gari nilikuwa nikimkwepa.

Sasa, nyuma ya zile nyumba kulikuwa na farasi wakila majani, na wapo mpaka leo. Bi Mwanaidi, aliyeishi Maskati ujanani mwake, akashika mkongojo. "Haya, twende ukanioneshe."

Tukamkuta jike wa Kiarabu hasa, mali ya jirani: uso umebonyea kidogo, pua pana, mgongo mfupi, mkia kauinua kama bibi harusi anayeogopa tope. Nikanyoosha mkono kitaalamu. Yeye akanyoosha shingo, akanivua kofia, akaanza kuitafuna.

Nilipiga ukelele nisioweza kukusimulia. Zuhura, aliyetufuata nyuma, alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani mabichi, nami nikajua posa imekwisha.

Bi Mwanaidi akamnyang'anya farasi kofia, akaifuta mate, akaitazama ile kazi ya sindano kwa muda mrefu.

"Kashona nani?"

"Mama."

"Mbona hukumtaja?"

Nikainama. Mama alikuwa kwetu Ng'ambo, Unguja, akishona kofia za kuuza, ndizo zilizonilea, nami niliona haya kumtaja kwenye posa.

"Mabedui," akasema, "wakimlaza farasi jike hemani pamoja na watoto wao, ndiyo maana huyu hana woga na watu. Jangwani ndiye aliyewavusha kiu na vita. Na nasaba yake wakiihesabu kwa mama. Wewe umenitajia mifupa ya wanaume, ukamwacha aliyekuvika kofia. Mwacha asili ni mtumwa, mjukuu wangu. Haya, wewe wa nani?"

"Wa Bi Shemsa, mshona kofia."

"Alaa! Ingia ndani, chai inapoa."

Basi, mwanangu, Jumamosi unakwenda kuposa Stratford kwa wakwe, nasi wazee wako tutakuwa nyuma yako. Ukiulizwa, usiazime ukoo wa kujipamba. Debe tupu haliachi kuvuma. Anza na mama yako, yule aliyekaa majanini akicheka, na ambaye hata sasa yuko jikoni ananicheka.

Mungu akupe mke mwema, wakwe wenye masihara, na kofia isiyotafunika. Amin.