Amri ya Mfalme na Ugonjwa wa Mama

Binti yangu alipewa kazi ya shule kuhusu mfalme wa zamani wa Uingereza aliyeamuru Biblia itafsiriwe upya kwa Kiingereza. Alisoma kwa sauti, nami nikamfasiria mama yangu kwa Kiswahili, maana mama alikuja Birmingham kutibiwa na Kiingereza hakijui. Mfalme mwenyewe hakutafsiri hata mstari mmoja. Aliwakusanya wanazuoni akawapa masharti: maneno ya kanisa yaliyozoeleka yasiguswe, wala pembeni pasiandikwe maelezo, kwa sababu tafsiri iliyotangulia ilikuwa na maelezo yaliyodokeza kwamba mfalme anaweza kuasiwa.

"Kafanya la maana," kaka yangu akadakia. "Lazima awepo wa kuamua."

Nilitamani kumrushia kikombe. Asubuhi ile ile alikuwa ameniamrisha jikoni, mama yupo chumba cha pili, kwamba nikimfasiria hospitalini nisitaje saratani, niseme kidonda. Kwetu mgonjwa haambiwi ugonjwa wake mzito. Mkubwa wa nyumba ndiye anayeamua, na mkubwa ndiye yeye.

Kesho yake, hospitalini, daktari alizungumza kirefu, taratibu, akimtazama mama usoni. Alipomaliza akaningoja mimi. Kaka akakohoa.

Mama alitutazama sote wawili, akautengeneza mtandio wake, kisha akaniuliza:

"Haya, mwanangu. Mfalme wako kakuruhusu uniambie nini?"