Mashini ya Watu Wanne

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumamosi, niliingia katika duka la kompyuta karibu na soko kuu la Bunia nikiwa na karatasi mfukoni. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa imekufa kwa radi. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeandika kazi zote ninazohitaji kufanya kwa kompyuta, na muda wa kila moja: barua, masomo ya umeme ninayojifundisha mwenyewe, vipimo vya mvua ninavyoviandika daftarini kwa miaka kumi na mmoja. Nilibeba akiba yangu ya miaka miwili yote.

Mwenye duka, mama wa umri wangu, aliifungua karatasi akacheka.

"Papa, unakuja kununua mashini ao kutoa mahari? Hii liste ni ya baba mukwe kabisa!"

Nilicheka pia. Kisha akashika kalamu. "Muko batu ngapi mu nyumba?"

Swali lilikuwa la haki. Wengi wetu umeme wetu hutoka kwenye pano la jua juu ya bati, na muuzaji mzuri hakuchagulii kompyuta kabla hajajua taa ngapi zinawaka na simu ngapi zinachajiwa.

"Tuko bane," nilijibu.

Sikuwa nimepanga kusema uongo. Jibu hilo la watu wanne lilikuwa kweli kwa muda mrefu, likatoka lenyewe, kama mtu anavyotaja namba yake ya simu. Lilipokwisha kutoka niliona haya kulirudisha.

Akapiga hesabu. Ile ya kukunja hapana, watoto watanyang'anyana mpaka ianguke. Afadhali ya mezani, yenye ekra kubwa, yaani skrini, tutazame filme pamoja. Lakini hiyo inakula umeme, kwa hiyo batri kubwa ya pili, na kifaa cha kugeuza umeme wake. Dola mia nne na hamsini. Nilipitia kila mstari. Yeye hakukosea popote. Kosa lilikuwa langu, ile nne aliyoiandika juu kabisa ya karatasi.

Nikatoa pesa. Akazikataa.

"Mama ya nyumba anajua bei?"

"Atajua."

"Aa-a, papa! Miye nawajua wanaume. Unalipa leo, kesho bibi yako anarudisha mashini hapa na makelele, soko yote inacheka. Muite kwanza. Akikubali, napokea."

Nilitoka nje. Pikipiki zilipita na vumbi lake. Niliweka simu sikioni bila kubonyeza namba yoyote. Nilikusudia kuhesabu dakika mbili, kisha nirudi niseme amekubali. Nilifika mia moja na ishirini, nikaendelea. Karibu na mia mbili niligundua kwamba nilikuwa nasikiliza.

Nikarudi ndani.

"Anasema nini?"

"Hayuko."

"Hayuko nyumbani?"

"Hayuko tena duniani, mama. Ni mwaka wa pili. Na batoto wote wawili wako Kisangani."

Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo kwa mtu asiyeyajua tayari. Alinisogezea kiti.

"Pole, papa. Haya basi, tuanze upya."

Aligeuza karatasi. Ekra kubwa ikatoka, batri ikatoka, kifaa kikatoka. Ikabaki kompyuta ya kukunja iliyokwisha kutumika, iliyotoka Kampala, herufi zake zimepangwa tofauti na nilivyozoea. Chaji yake hudumu saa nne, na pano langu linatosha kuijaza. Dola mia mbili na hamsini.

"Hii ni ya mutu moja," alisema. "Ukipata wa pili, rudi. Tutaongeza ekra."

Niliibeba mwenyewe, chini ya kwapa. Nyumbani niliiweka mezani, mbele ya kiti ninachokalia. Vile vingine vitatu sikuvisogeza. Tofauti kati ya watu wanne na mtu mmoja ilikuwa dola mia mbili.