Makubadhi ya Mlangoni

Jirani yangu mwenye duka la vitambaa akisafiri na watu wake, ufunguo wa nyumba yao haukulala kwingine ila kwangu. Miaka nenda, miaka rudi, Malindi nzima ikijua. Mimi ndiye niliyewasha taa ya kibarazani ikifika magharibi, nikaanika leso zangu kwenye kamba yao, na kuweka makubadhi ya mume wangu mlangoni pao ili mwizi akipita adhani kuna mwanamume ndani. Mume wangu alinung'unika kwamba anatembezwa peku kwa ajili ya nyumba ya watu, lakini mwenyewe alikuwa akiyapiga brashi kwanza.

Mwaka jana alifariki. Mwaka huu jirani akaenda harusini India, na ufunguo akampa binti aliyehamia nyumba ya kona, bibi harusi wa juzi tu.

"Usichukie, shoga yangu," aliniambia. "Wewe sasa u peke yako. Kule kuna mwanamume."

"Sichukii," nikasema. Nilichukia mpaka chai ikanishinda kunywa.

Basi nikahamia dirishani. Yule binti hakuna alichopatia. Taa aliiacha ikiwaka mchana kutwa. Leso zake zilinyeshewa kambani na hakuna aliyezianua. Nilizihesabu kasoro zake kwa raha, na kila nilipoona moja roho ilitulia kidogo.

Lakini jioni aliweka viatu vya mumewe mlangoni, ngozi mpya, vinang'aa. Asubuhi mume akaja kuvichukua, taulo shingoni, akimwita mkewe kwa sauti amletee soksi. Hapo ndipo wivu uliponikaba. Ufunguo nilikuwa nimeshausahau. Vile viatu vilikuwa na mtu wa kuvifuata.

Asubuhi moja nikasikia makelele. Nyumba ilikuwa salama, kufuli halijaguswa, ila viatu vimekwenda na mwizi. Nilijiziba mdomo kwa leso nikacheka hadi machozi. Nani anaweka viatu vipya nje? Makubadhi yetu yalikuwa yamechakaa, hata mwizi angeona haya kuyavaa.

Haukupita muda, binti akabisha kwangu, macho mekundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Bwana amekasirika, hataki kutoa vingine. Nimesikia una makubadhi ya marehemu. Naomba uniazime mpaka wenye nyumba warudi."

Tangu siku ya kwanza nilikuwa nangoja aje kuniomba. Niliingia chumbani nikayavuta kutoka uvunguni. Yalikuwa na vumbi, na ndani, kwenye ngozi, unyayo wa mume wangu ulikuwa bado umo, kisigino na vidole. Nikakaa chini nayo. Yule msichana ana mume mzima, na bado amekuja kuchukua viatu vya wangu!

Nikatoka mikono mitupu.

"Weka ndara za chooni," nikamwambia. "Hizo haziibwi."

Alishukuru, akaenda zake. Maskini, hakuwa na ubaya wowote.

Ilipoadhiniwa magharibi niliyafuta vumbi makubadhi, nikayapiga brashi alivyokuwa akifanya yeye, nikayaweka mlangoni kwangu. Miaka yote ile yalilinda kwa jirani. Kwangu hatukuwahi kuyaweka kwa ajili ya mwizi, kwa sababu mwenyewe alikuwa ndani.