Kidani cha Babu

Juzi niliona kidani cha meno kwenye kabati la vioo la makumbusho, na harufu ya ugoro wa babu ikanirudia.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, babu alikuwa akibishana na mgeni kutoka Puge.

"Mtemi wetu alikuwa mkubwa. Aliiunganisha nchi."

"Kwa kuchoma vijiji vya ndugu zake?" mgeni akamjibu.

Mimi nikachukua kidani cha babu cha vitani, nikampelekea bibi, aliyetekwa katika vita vya mtemi huyo akiwa binti mdogo. Alikuwa akitwanga. Mchi ukasimama. Akayapapasa meno, moja baada ya jingine.

"Ni ya mbuzi, bibi?"

"Kirudishe," akanong'ona, nikaona meno yake ya mbele yamechongwa kama yale ya kidani, kwa mtindo wa kwao.

Nilifurahi. Nilidhani babu amemtunzia kitu cha nyumbani kwao.